Wanawake Kumi na Mmoja, Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba tisa. Magoti yanalalamika. Plot ya mwisho, vyumba vya kupanga juu na chini, ina ngazi za chuma zilizosimama wima kama ukuta. Aliyezijenga hakumfikiria mhudumu wa afya wa miaka hamsini na nne.

Mjamzito mpya mmoja. Wiki kumi na sita. Hana simu. Iliyopo nyumbani ni moja tu, na mume hutoka nayo asubuhi. Fomu iliyo kwenye simu ya kazi haitaki kujua hayo. Unajaza jina, umri, nyumba, mimba ya ngapi, halafu unafika penye namba ya simu. Ukipaacha wazi, inagoma. Nikaweka yangu, kama kawaida. Huyu ni wa kumi na moja kwenye namba yangu.

Sioni ubaya wake. Meseji ya kliniki inakuja kwangu, naipeleka kwa miguu. Mama anapata habari zake, ofisi inapata fomu iliyojaa, nami napata mazoezi.

Nimeloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Afadhali.

Jumanne, 4 Machi

Meseji tatu kabla ya chai. Moja ya sindano ya pepopunda, mbili za tarehe za kliniki. Zote nimezifikisha kabla ya saa nne.

Wanawake wa hapa mtaani Landless wakiniona na mkoba wa bluu wanauliza wakiwa bado mlangoni: "Mama Kimani, yangu imekuja?" Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Napenda kuulizwa. Miaka ishirini na mbili nilisimama kiwandani nikichagua mananasi, na hakuna nanasi lililowahi kuuliza niko wapi.

Jumatano, 5 Machi

Plot ya tangi jeusi. Kuna Grace Wanjiru Karanja wawili pale, na si ajabu kwetu. Baba zao ni ndugu. Kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yake, kama desturi inavyotaka, na kwa kuwa shosho, nyanya yao huyo, alibatizwa Grace, wakachukua na Grace pia. Karanja ni jina la babu. Sasa binamu hao wanakaa plot moja, na wote wawili ni wajawazito.

Mkubwa ana salon pale nje. Namwita Wanjiru wa Salon. Simu anayo, lakini watoto wake wanaicheza na kufuta kila kitu, kwa hiyo aliniomba niweke namba yangu. Mwingine ni Wanjiru Mdogo. Miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza, wiki thelathini na moja. Mume wake ni fundi wa mjengo na simu ya nyumba inakaa na mume. Huyo pia nilimwekea yangu.

Wa Salon yuko sawa. Wiki ishirini na nne, anakula vizuri, anaongea kupita kiasi.

Mdogo hayuko sawa. Presha 148 kwa 96. Nikamwacha akae robo saa, nikapima tena. 146 kwa 96. Miguu imevimba. Fomu imegeuka nyekundu. Nimemwandikia karatasi ya rufaa aende kliniki kesho asubuhi.

Aliuliza kama ni mbaya. Nikamwambia si nzuri. Sipendi kuwadanganya wajawazito, wana mengi ya kufikiria bila uongo wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Wanjiru Mdogo alienda kliniki jana. Wamechukua damu na mkojo. Wamemwambia majibu yatakuja kwa simu, asitoke mbali.

Leo mkutano Ruiru, wahudumu wa wadi zote. Msimamizi wetu, Sister Lydia, alisoma orodha. Wadi gani ina fomu nyingi zisizo na namba, wadi gani ina chache. Yangu haikuwa na hata moja. Akaniita mbele. "Mama Kimani hana hata pengo moja. Mpigieni makofi ya nguvu." Wakapiga. Watu kama sitini. Baba Shiro wa Mwihoko alipiga na miluzi, yule mzee hana haya.

Nilisimama pale mbele nikijua ni kwa nini sina pengo. Sikusema. Nilirudi kwenye kiti changu, nikala chapati mbili.

Tangazo la mwisho: Jumamosi na Jumapili mashine inayotunza fomu zetu itasafishwa. Watu walioandikishwa mara mbili wataondolewa. Hiyo haikunihusu. Sijawahi kumwandikisha mtu mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Wanjiru Mdogo amekuja na slipa, viatu havimwingii tena. Wakati wa kutoka alinitazama kwa mbali, akainua kichwa kuuliza. Nikatikisa changu. Bado.

Sikuipenda ile miguu.

Jumatatu, 10 Machi

Simu ya kazi imefunguka ikiwa na sura mpya. Rangi nyingine, vitufe vimehamishwa. Orodha yangu ya wajawazito ilikuwa na arobaini na saba, sasa inaonyesha arobaini na sita. Nikadhani wamemwondoa yule aliyejifungua mwezi uliopita.

Saa tatu asubuhi meseji ikaingia. Grace Wanjiru Karanja, majibu yako yako tayari, fika kliniki leo umwone daktari.

Kwanza nilifikiri ni ya Mdogo. Kisha nikajiambia, usifanye kazi kwa kubahatisha, angalia. Nikatafuta jina. Simu ikanipeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya Salon. Na kweli Salon naye alitolewa damu wiki iliyopita, ile ya kawaida. Nikapiga simu kliniki mara mbili, haikupokewa.

Nikampelekea Salon. Alikuwa anamsuka mtu, akamwacha na kichwa nusu, akaenda.

Nikitoka pale nilipita mlangoni kwa Mdogo. Alikuwa anachambua maharagwe, sinia mapajani. "Na yangu?" akauliza. Nikamwambia bado. Akasema sawa.

Nyumba sita baada ya hapo. Jua kali.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu asubuhi. Matope hadi kwenye vifundo. Nyumba mbili tu.

Jumatano, 12 Machi

Nitaandika hii pole pole.

Saa kumi jioni nimepita salon. Wanjiru wa Salon alikuwa na hasira tangu juzi. Alikaa kliniki masaa matano. Nesi alimwambia, mama, hapa tunaona uko na presha na protini kwa mkojo. Wakampima. Presha sawa. Wakampima mkojo tena. Safi. Wakamwambia imeshuka, ashukuru Mungu, aende nyumbani. Salon akaniambia, "Presha gani, Mama Kimani? Mimi sijawahi kuwa na presha. Nilipoteza wateja wanne siku hiyo kwa kitu sijui."

Nikafungua simu nikiwa nimesimama pale pale, na dawa ya nywele inanichoma macho. Grace Wanjiru Karanja yuko mmoja. Nyumba ni ya Salon. Umri ni wa Salon. Presha ni ya Mdogo. 148 kwa 96, tarehe 5, nilivyoiandika mwenyewe. Nikapekua orodha yote, jina kwa jina, hadi mwisho. Mdogo hayupo.

Jina moja, namba moja ya simu. Mashine ikaona mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Ikamfuta mmoja. Kungekuwa na namba mbili isingewagusa.

Na kliniki imeandika presha imeshuka. Hakuna anayemtafuta tena.

Nikavuka uwanja hadi kwa Mdogo. Kufuli. Jirani yake, Mama Precious, akatoa kichwa dirishani. "Huyo alienda Mwihoko Monday mchana. Tata yake, huyo shangazi, ameteguka mguu, ameenda kumsaidia. Lakini alisema ukileta meseji ya kliniki nikuambie ako huko."

Monday mchana. Asubuhi yake nilikuwa nimemwambia bado.

Salon alinipa namba ya mume. Mteja hapatikani. Mara saba hapatikani. Salon anasema huyo akiwa site anazima simu kulinda chaji. Tata hana simu inayojulikana. Mwihoko wapi? Plot yenye geti la kijani, karibu na kanisa. Ndiyo yote anayojua Salon. Aliwahi kwenda mara moja, akiwa mtoto.

Nilipaswa kumpigia Sister Lydia hapo hapo. Nilikuwa na simu mkononi. Nilifungua jina lake nikalitazama. Nikafikiria atakavyouliza: namba yako ilifikaje kwa wanawake wawili? Na kumi na mmoja je? Nikaona ule ukumbi, na mimi nimesimama mbele.

Nikafunga simu. Nikajiambia kesho nitakwenda mwenyewe nimlete, na hakuna atakayejua lolote.

Sijala.

Alhamisi, 13 Machi

Saa mbili asubuhi nilikuwa Mwihoko. Sikujua kwamba dunia ina mageti ya kijani mengi hivyo. Na makanisa! Kila baada ya plot tatu kuna kanisa, mengine ni ya mabati, mengine yako juu ya duka. Nimegonga hadi vidole vikavimba. Wengine walidhani nahubiri. Mmoja alinifungia geti usoni akisema ameokoka tayari.

Nimeuliza kwa muuza mboga, kwa fundi viatu, kwa msichana wa duka la dawa. Mwanamke aliyeteguka mguu, na mpwa wake mjamzito. Hakuna anayemjua. Hapa watu wanahama kila mwezi, nani amjue nani.

Saa saba mchana nilikaa kwenye kreti la soda nje ya kioski. Mguu mmoja umetoka malengelenge. Nilikuwa nimemaliza sehemu ndogo sana. Nikapiga hesabu nikaona ingenichukua siku nne.

Baba Shiro ni wa Mwihoko. Kuna wahudumu wengine watatu wa Mwihoko. Kaya zote wanazijua kama ninavyozijua za Landless. Wote wako kwenye grupu letu la WhatsApp. Nililijua hilo jana saa kumi. Nililijua hata nikiwa nimeshika kufuli la Mdogo. Lakini huwezi kuuliza kwenye grupu bila kusema ni kwa nini unauliza. Grupu lile lile lenye watu sitini walionipigia makofi.

Saa saba na dakika ishirini nikaandika. Nainakili hapa kama ilivyo:

"Hamjambo wote. Natafuta Grace Wanjiru Karanja, miaka 22, mimba ya miezi saba unusu. Ako Mwihoko kwa tata yake aliyeteguka mguu, geti ya kijani karibu na kanisa. Hana simu. Ako na presha na protini kwa mkojo. Nilimuandikisha na namba yangu ya simu, mashine ikamuunganisha na binamu yake wa jina moja, na meseji yake nikapelekea huyo mwingine. Makosa ni yangu. Tafadhali aliye karibu asaidie sasa hivi."

Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Halafu nikatuma.

Dakika tano hakuna kitu. Wanasoma tu, naona wanasoma. Kisha mmoja wa Juja akaandika: "Kumbe zile makofi!" Na uso wa kucheka. Kisha Sister Lydia: "Wote wa Mwihoko TOKENI SASA. Mama Kimani nipigie." Nikampigia. Aliuliza maswali manne mafupi, nikajibu manne mafupi. Hakunigombeza. Ingekuwa heri angenigombeza.

Saa nane kasoro dakika tano Baba Shiro akatuma sauti. Alikuwa anahema. "Nimempata. Ni plot ya nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi. Presha one-seventy kwa one-ten. Kichwa inamuuma tangu asubuhi na anaona vitu zinang'aa kwa macho. Nimeita gari, tunaenda."

Dakika thelathini na tano. Plot yenyewe nilikuwa nimeipita mara mbili. Geti lilipakwa rangi upya, ni jeusi.

Walimpeleka Ruiru, wakamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, wakamtuma Thika kwa ambulensi. Nilifika Thika baada yao. Alikuwa ameingizwa theatre kupasuliwa. Mume alikuwa ameegemea ukuta wa nje na nguo za kazi, simenti hadi kwenye nyusi. Alikuwa amewasha simu.

Ijumaa, 14 Machi

Wanjiru yuko hai. Presha inashuka. Anaona vizuri.

Mtoto alitoka akiwa ameshafariki. Wa kike. Kilo moja na gramu mia sita. Daktari alisema kondo la nyuma lilikuwa limeachia, pengine tangu Alhamisi asubuhi. Alisema presha kama ile, mama akilazwa mapema siku moja tu, mara nyingi wanawaokoa wote wawili. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamweleza mume, nami nilikuwa nimesimama nyuma.

Siku moja.

Nimefua sare yangu. Nimeianika.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani.

Salon alikuja kwangu baada ya ibada. Alikaa. Akasema yeye ndiye aliyekula masaa matano ya mwenzake. Nilimwambia hapana, alipewa ujumbe usio wake, na aliyempa ni mimi. Akasema anajua. Akasema bado anaota ile foleni.

Jumatatu, 17 Machi

Ruiru. Mkutano wa dharura, ukumbi ule ule.

Sister Lydia aliniambia nisimame nieleze. Nilieleza kuanzia fomu ya kwanza. Sikulia na sikuomba msamaha mrefu, niliona ungekuwa wa kunifaidi mimi tu. Nilipomaliza nilibaki nimesimama kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikae.

Lydia akauliza ni nani mwingine ameweka namba yake kwa mama asiye na simu. Watu walitazama vidole vyao. Yule wa Juja wa kucheka alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Baba Shiro akainua mkono. "Mimi niko na sita," akasema. "Na wawili niliweka ya bibi yangu."

Kisha mkono mwingine, na mwingine. Nilihesabu hadi kumi na saba nikaacha. Wa Juja alikuwa wa mwisho.

Lydia alikaa juu ya meza. Ni mwanamke mkavu, sijawahi kumwona akikaa kwenye meza. "Nyinyi watu," akasema. "Na mimi ndiye nilikuwa nawapigia makofi." Akaandika barua kwa wenye mashine mbele yetu, akatusomea. Kwamba kwenye plot zetu watu wengi hawana simu na fomu inatulazimisha tuseme wanazo. Kwamba majina yetu yanarithiwa, na jina na namba havitoshi kumtambua mtu. Kwamba mtu asifutwe kabla mhudumu wake hajaulizwa.

Simu yangu ya kazi imechukuliwa kwa wiki mbili. Ni haki. Nilitegemea zaidi.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu Jumatano. Wote wanafikiri niligundua Alhamisi asubuhi. Sikuwasahihisha.

Alhamisi, 20 Machi

Natembea bila simu. Kalamu na daftari, kama zamani. Nimepitia wanawake wote kumi na mmoja, pamoja na Salon lakini bila Mdogo, ambaye bado yuko wodini. Kumi basi. Kila mmoja nimemwambia: meseji zako zilikuwa zinakuja kwangu, hazitakuja tena, tafuta mtu unayemwamini mwenye simu isiyozimwa.

Wanne walitaja jirani. Wawili wakataja mchungaji. Mmoja alinipa ya mama mkwe wake kisha akanifuata hadi getini akaniambia niifute. Mmoja alikasirika. "Sasa unatutupa, Mama Kimani?" Nikamwambia simtupi, nitapita Jumatatu na Alhamisi, meseji iwepo isiwepo. Akasema tutaona.

Nilipohesabu, wanne hawakuwa na mtu: hao wawili wa mwisho na wengine wawili. Hawa niliwaandika kwenye daftari, mlango namba fulani na siku ya kupitiwa. Nitawapitia.

Ijumaa, 28 Machi

Simu imerudi kabla ya wiki mbili kuisha. Sister Lydia aliileta mwenyewe hadi Landless. Alikunywa chai, akakataa mkate.

Fomu imebadilishwa. Pale penye namba sasa unaweza kuchagua "hana simu". Inafuata: nani atampelekea habari, na je, mama mwenyewe amemkubali? Na kabla ya kumfuta mtu inaniuliza mimi kwanza. Nimejaribu, inafanya kazi.

Lydia alisema Wanjiru Mdogo ameruhusiwa kutoka Jumatatu iliyopita, yuko plot. Alisema yeye mwenyewe alimweleza habari ya namba na ya jina, akiwa bado wodini. Alisema Wanjiru alisikiliza akauliza tu kama nilikuwa naumwa magoti bado. Lydia aliona hilo ni jambo zuri. Nilitoka nje kidogo, nikarudi.

Hilo la kurudi nilishalijua. Siku nne amekuwa plot, na nimekuwa nikipitia njia ya nyuma.

Jumatatu, 31 Machi

Nyumba nane. Niliapa leo nitaingia. Nilifika hadi kwenye tangi jeusi. Mume alikuwa nje anarekebisha waya wa kuanikia nguo. Alinisalimia vizuri. Nikamwambia napita tu.

Mwoga. Nimeliandika, lisomeke.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeingia.

Alikuwa peke yake, amefunga leso kichwani. Amepungua. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani. Nikampima kwanza kwa sababu ndiyo kazi. 122 kwa 80. Kidonda kimekauka. Maziwa yalikuwa yanamsumbua, sasa yameacha.

Halafu nikamwambia. Namba na jina alikuwa anayajua. Nikamkumbusha ile Jumatatu, yeye na maharagwe, mimi nikisema bado. Hilo pia alikuwa analijua. Kisha nikamwambia ambalo sijamwambia Lydia wala mtu mwingine. Kwamba Jumatano saa kumi jioni nilikuwa nimesimama mbele ya kufuli la mlango huu, nikijua yote, na grupu la kumtafuta likiwa mkononi mwangu. Kwamba lingempata kwa nusu saa. Kwamba niliogopa aibu, nikangoja hadi kesho yake mchana.

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele.

"Jumatano saa kumi?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Alifikiria. Alikuwa anatafuta kwa kweli, kama mtu anayekumbuka alipoweka funguo. "Hiyo saa nilikuwa nimeketi nje kwa tata," akasema. "Mtoto alikuwa anapiga teke sana. Tata aliweka mkono akasema huyu atakuwa mkorofi."

Nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo baada ya ndoo. Baadaye Wanjiru akasimama, nami nikasimama. Akanifungulia mlango, akanisubiri nivae viatu.